Mheshimiwa Mia Nne na Ishirini

Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1860, ilikuwa na vifungu 511. Wananchi wengi walikijua kimoja tu. Kifungu cha 420 kilimhusu mtu anayemlaghai mwenzake mpaka mwenzake huyo akamkabidhi mali kwa mkono wake mwenyewe, pasipo kisu wala kuvunja mlango. Sheria hiyo ilivushwa bahari sawa na rupia, ikatumika Zanzibar, Kenya na baadaye Tanganyika, mpaka kanuni nyingine zilipoingia miaka ya 1930. Tapeli wa Mombasa wa enzi zile alikuwa chini ya sheria moja na tapeli wa Bombay. India wenyewe waliifuta kanuni nzima Julai 2024 wakaleta mpya, ila namba imegoma kufutika: ukimwita mtu "mia nne ishirini" katika mitaa ya Mumbai, hatauliza una maana gani.

Septemba 1955 namba hiyo ilipanda kwenye mabango ya sinema ikiwa imevalishwa joho. Filamu iliitwa Shree 420, na hilo "Shree" ni la kumtangulizia mtu mwenye hadhi, kama sisi tunavyosema Mheshimiwa. Anayeiba kuku ni mwizi. Anayeiba akiba za mtaa mzima anaitwa Mheshimiwa na kupewa kiti cha mbele. Kichekesho chote kimejengwa juu ya hilo. Aliyeitayarisha, akaiongoza na kuicheza alikuwa mtu mmoja, Raj Kapoor, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika miaka 30.

Hadithi inaanza barabarani. Kijana anayeitwa Raj anatoka Allahabad kwenda Bombay kwa miguu, kofia kichwani, suruali fupi inayoacha vifundo nje, mali yake yote imefungwa kwenye kitambaa na kuning'inizwa kwenye fimbo begani. Ana shahada ya B.A. Ana pia medali aliyopewa kwa uaminifu. Anapunga mkono, magari yanapita. Basi anajilaza barabarani, anajifanya amezirai, na gari la tajiri linasimama. Dakika chache tu tangu filamu ianze, na huyu mwenye medali ya uaminifu ameshajifunza kwamba ukweli haupewi lifti. Akitupwa nje ya gari baada ya kugundulika, anaendelea na safari huku akiimba wimbo unaohesabu mavazi yake, kila kimoja na nchi yake, na yeye mwenyewe Mhindi mtupu.

Mwendo ule na kofia ile ni vya Charlie Chaplin, na Kapoor hakuwahi kuficha. Wapo wakosoaji waliomsema kwa hilo. Mimi naona walikosea pa kutazama. Mzururaji wa Chaplin hana kwao. Ukimtazama hujui alizaliwa wapi wala mama yake ni nani. Raj wa Kapoor ana kwao, ana cheti, ana lafudhi, na ana barua anayotaka kuandika nyumbani kusema amepata kazi. Ni kijana wa kuja. Tofauti hiyo inabeba filamu nzima, kwa sababu mtu mwenye kwao ana wa kumwonea aibu.

Na karibu kila aliyeifanya filamu hii alikuwa mtu wa kuja.

Kapoor alizaliwa Peshawar, Desemba 14, 1924, mji ambao mwaka 1947 uliamkia upande wa Pakistani. Baba yake, Prithviraj Kapoor, alikuwa ametangulia Bombay mwishoni mwa miaka ya 1920 kutafuta kazi ya uigizaji, na mwaka 1944 akaanzisha kundi lake la tamthilia, Prithvi Theatres. Mwandishi wa hadithi, Khwaja Ahmad Abbas, alitoka Panipat. Watunzi wa muziki walikuwa wawili: Shankar, mpiga tabla aliyekulia Hyderabad na kupenda mieleka, na Jaikishan, mpiga kinanda wa kutoka Bansda, Gujarat. Walikutana Bombay nje ya ofisi ya mtu wa filamu, kila mmoja amekuja kuomba kazi na kila mmoja amewekwa kusubiri. Wakazungumza. Muda si mrefu Shankar akamwingiza mwenzake katika kundi la Prithvi.

Watunzi wa mashairi nao hawakuwa watu wa viyoyozi. Shailendra alizaliwa Rawalpindi, akakulia Mathura, na Bombay alikuwa fundi katika karakana ya reli. Kapoor alimsikia akisoma shairi kwenye mkutano, akataka kulinunua. Shailendra akamjibu kwamba ushairi wake hauuzwi. Siku zilipita, mke wake akawa mjamzito, mfuko ukawa mtupu, na yule asiyeuza akaenda mwenyewe kubisha hodi. Alipewa rupia 500, akaandika, na hawakuachana tena. Mwenzake, Hasrat wa Jaipur, alikuwa kondakta wa basi aliyekata tiketi mchana na kutunga usiku. Sijui mabasi ya Bombay yalikuwa na nini, maana Johnny Walker, mchekeshaji mkubwa kuliko wote wa kizazi kile, naye alitokea huko huko kwenye ukondakta.

Mji waliouingia ulikuwa umefurika. Sensa ya 1951 iliwakuta Bombay watu karibu milioni 3, na sehemu ya ongezeko la watu ililetwa na mgawanyo wa nchi mwaka 1947, wakimbizi wakija kwa treni na meli na vitu walivyoweza kushika mkononi. Vyumba havikupatikana. Wenye bahati walipanga kwenye majengo ya vyumba kimoja kimoja vilivyopangana ukumbini; wengine walilala kando ya njia, familia na familia, kila moja na kipande chake cha saruji kinachojulikana. Kwa hiyo Abbas alipokaa kuandika kuhusu mji, hakuandika kuhusu mapenzi kwanza. Aliandika kuhusu nyumba.

Abbas alikuwa mwanahabari na mtu wa mrengo wa kushoto, mmoja wa waliojenga chama cha tamthilia za umma, IPTA, mwaka 1943. Safu yake ya gazetini aliiandika tangu 1935 hadi alipofariki 1987. Filamu alizoongoza yeye mwenyewe mara nyingi zilikufa kwenye viti vitupu. Nyingi kati ya zile alizomwandikia Raj Kapoor zilijaza kumbi. Tofauti ni kwamba Kapoor alijua kufunga dawa ndani ya tende. Hotuba ya Abbas kuhusu matajiri na masikini ilipita kwenye mikono ya mtu aliyependa mvua, nyimbo, wanawake warembo na kuanguka kwa makusudi, na ikatoka ikiwa kichekesho.

Tuingie basi mjini pamoja na huyo Raj.

Hakuna anayemsikia. Mji una kelele, na ombaomba mmoja anamfundisha kwamba masikio ya watu hapa hufunguliwa na mlio wa sarafu. Anaweka medali yake rehani kwa mkopeshaji, na hapohapo dukani anamwona Vidya, mwalimu masikini anayefundisha watoto wa mtaani, ambaye naye ameleta kitu cha kuweka. Pesa za medali hazikai, mkora anazichomoa. Njaa inapomzidi anasimama mbele ya mama anayeuza ndizi. Mama anataja bei: ndizi mbili kwa sarafu tatu za ana. Raj anazigeuza namba kwa sura ya mtu mwema kabisa: ndizi tatu kwa ana mbili. Wanavutana hivyo, mama anakasirika, anagundua kijana hana hata sarafu moja, na hasira inamgeuka ndani ya uso uleule. Anampa ndizi. Tangu hapo yeye ni mama yake, na kipande cha njia wanacholala wenzake kinamegwa kumpa mgeni nafasi.

Mama huyo, Gangamai, ni Lalita Pawar, na uso wake unastahili sentensi kadhaa. Mwaka 1942, akiwa mwigizaji kijana wa kupewa nafasi za kipenzi, mwigizaji mwenzake alitakiwa amzabe kofi mbele ya kamera. Kofi lilikuwa la kweli kupita kiasi. Upande wa uso ukapooza, akatibiwa kwa miaka, na jicho la kushoto halikurudi sawa. Nafasi za urembo zikakoma. Watayarishaji waliliona jicho lile lililokunjamana wakaona mama mkwe mkorofi, na kwa miongo iliyofuata India nzima ilimchukia Lalita Pawar kwa raha. Walipotengeneza Ramayan ya televisheni mwaka 1987 walimpa Manthara, kijakazi mchochezi. Kapoor alikuwa mmoja wa wachache waliogundua kwamba jicho hilohilo, ukilimulika vizuri na kumpa mwenyewe maneno ya upole, linamfanya mtu aonekane kama anakonyeza kwa huruma. Muuza ndizi wake ni mkali wa mdomo na laini wa moyo, na kila mwenye shangazi anayeuza sokoni anamtambua.

Raj anapata kazi kwa dobi. Kuna askari anamkuta amesimama kichwa chini miguu juu kando ya barabara na kutaka maelezo. Anaelezwa kwamba dunia yenyewe imepinduka, kwa hiyo anayetaka kuielewa hana budi kuitazama hivyo. Ni mzaha wa watoto wa shule, na Kapoor anaucheza kwa uso mkavu kiasi kwamba askari anabaki anafikiri. Akiwa pale kwa dobi anatumwa kupeleka nguo kwa mwanamke anayeitwa Maya. Mwanamke anamwona jinsi vidole vyake vinavyochezea karata. Kwa mwenye jicho la biashara hiyo inatosha. Kijana anavishwa suti, anapewa cheo cha mwana wa mfalme wa mji usiokuwepo, anapelekwa kwenye meza za kamari, na usiku huohuo anawachoma matajiri.

Abbas hakujisumbua kuficha mizani yake: mwalimu kampa jina lenye maana ya elimu, na wa kwenye klabu kampa lenye maana ya kiini macho. Kwenye karatasi ni hesabu rahisi. Aliyeharibu hesabu hiyo ni Nadira. Jina lake la nyumbani lilikuwa Florence Ezekiel, wa familia ya Kiyahudi yenye asili ya Baghdad, na alikuwa na filamu kubwa moja nyuma yake, Aan ya 1952, ambamo alikuwa binti wa mfalme. Hapa anaingia na gauni linalombana, sigara kwenye kishikio kirefu, na nyusi moja ikiwa juu kama anayengoja jibu. Vidya anapomkimbia Raj kwenye karamu ya matajiri, ni Maya anayemwimbia asigeuke nyuma, na kwa dakika kadhaa mtazamaji mwadilifu kabisa haoni sababu ya kugeuka. Gharama aliilipa mwenyewe. Baada ya hapo watayarishaji walimtaka kwa nafasi za mwanamke mbaya tu, na akazicheza miaka mingi, hadi alipopata tuzo ya Filmfare kwa nafasi ya mama katika Julie ya 1975. Alifariki Mumbai mwaka 2006.

Upande wa pili wa mizani yuko Nargis. Aliitwa Fatima Rashid, binti wa Jaddanbai, mwimbaji na mtayarishaji, na alikuwa mbele ya kamera tangu utotoni. Mpaka 1955 yeye na Kapoor walikuwa wamecheza pamoja filamu nyingi kiasi kwamba nembo ya kampuni ya RK ilichorwa kutokana na pozi lao katika Barsaat ya 1949: mwanamume kashika fidla mkono mmoja, mwanamke kaangukia mwingine. Kapoor alikuwa na mke na watoto. Kila mtu alijua ya wawili hao, na kila mtu alinunua tiketi.

Tukio lao la mvua limetazamwa mpaka limechakaa kwa wale wanaolijua kutoka kwenye bango tu, kwa hiyo nashauri litazamwe kuanzia kwenye chai. Ni usiku, kando ya njia, na wawili hawa wamesimama kwa muuza chai. Raj amemkaribisha Vidya kwa ufahari wote. Inapofika kulipa anajipapasa mfuko mmoja, halafu mwingine. Vidya ndiye anayelipa, kwa namna ya mtu asiyetaka kuonekana kwamba analipa. Mvua inaanza. Mwavuli ni mmoja. Anampa, anaurudisha, anampa tena, kila mmoja anajifanya anapenda kulowa, mpaka mwavuli unakuwa juu ya wote wawili na hawana pa kutazama isipokuwa usoni. Muuza chai amejikunyata na birika lake nyuma yao, anawatazama kama mtu aliyekwishawaona wengine. Mpiga picha Radhu Karmakar hakuwa na mtaa wala mvua: ni seti ndani ya studio ya RK kule Chembur, na maji ni ya kumwagwa. Alipata tuzo ya Filmfare kwa kazi yake katika filamu hii.

Wimbo wa tukio hilo unapofika kwenye habari ya vizazi vijavyo, watoto watatu wanapita wakiwa na makoti ya mvua. Ni watoto wa Raj Kapoor mwenyewe: Randhir, Ritu na Rishi. Mdogo, Rishi, alikuwa na miaka kama mitatu, na maji yakimwingia machoni alilia na picha ikaharibika. Nargis ndiye aliyemtuliza kwa kumwahidi chokoleti. Rishi, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, alisimulia hilo uzeeni bila kuona ajabu: mwanamke aliyemtikisia nyumba mama yake, akimhonga pipi mtoto wa mama huyo ili tukio la mapenzi likamilike. Utamaduni mzima wa sinema ya Bombay umo katika chokoleti ile.

Basi turudi kwenye utapeli, maana hapa filamu inaacha kuchezacheza. Mnene wa mji, Seth Sonachand Dharmanand, aliyechezwa na mwigizaji anayeitwa Nemo, anagundua kwamba Raj ni mtaji. Wanaanza na kampuni ya dhahabu isiyo na dhahabu. Kisha linakuja wazo kubwa: nyumba za wananchi, rupia 100 tu, lipa leo ujengewe kesho. Mtu yeyote anayejua bei ya matofali angecheka. Lakini wanaolala kando ya njia hawanunui matofali, wananunua neno "nyumba", na aliyesimama jukwaani kulitamka ni Raj, kijana wao, aliyekula ndizi za Gangamai na kulala saruji moja nao. Seth hawezi kuwaibia peke yake. Hawamwamini, wanamjua sura. Anahitaji mtu atokaye chini, mwenye lafudhi yao, anayetaja majina yao. Kijana aliyeingia mjini hana kitu sasa anawaingiza wenzake mjini, na bidhaa anayouza ni ileile aliyoiweka rehani siku ya kwanza.

Mtazamaji wa Dar es Salaam hahitaji tafsiri hapo. Aliyeshuhudia mwaka 2009 watu wakijipanga na fedha za ada za watoto ili "wapande mbegu" na kuvuna mara kadhaa zaidi, atakumbuka kwamba waliowaleta kwenye foleni hawakuwa wageni. Walikuwa majirani, wanakwaya wenzao, mashemeji.

Mwisho wa hadithi ni wa sinema. Raj anazichukua hati za wanyonge akimbie nazo, Seth anafyatua risasi, kijana anaanguka, polisi na umati wanafika. Seth anaeleza jinsi alivyolinda mali yake. Ndipo maiti inapoinuka na kuanza kumhoji. Alijiangusha barabarani apate lifti. Sasa amejiangusha sakafuni apate mashahidi. Ni ujanja uleule, umepata kazi bora. Wapo wasiopenda hitimisho hilo, na ni kweli kwamba hotuba inayofuata kuhusu umoja na bidii ina harufu ya jukwaa la siasa la enzi za Nehru. Kama kuna pahali Abbas alimshinda Kapoor, ni hapo.

Kapoor alikuwa na sababu ya kutetemeka filamu ilipotoka, Septemba 6. Filamu yake ya 1953, Aah, ambamo alicheza mgonjwa wa kifua kikuu, ilikuwa imekataliwa na watu. Shree 420 ikawa filamu ya Kihindi iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote mwaka huo. Filamu inayosema utajiri unaoza roho ikamtajirisha aliyeitengeneza. Sikumbuki kusoma kwamba alilalamika.

Nje ya nchi njia ilikuwa imeshasafishwa. Awaara ya 1951, ya mwandishi huyohuyo na waigizaji haohao wawili, ilioneshwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1954 ikatazamwa na watu zaidi ya milioni 60, na Kapoor na Nargis walipofika Moscow walizongwa barabarani. Shree 420 ikafuata huko mwaka 1956. Wimbo wa mavazi haujachoka hata sasa: katika filamu ya Marekani ya Gravity, ya mwaka 2013, mwanaanga mmoja anauimba akielea nje ya chombo.

Pwani yetu haikusubiri Moscow. Filamu za Kihindi zilikuwa mkate wa Jumapili Unguja, familia zikienda Majestic, Empire au Sultana zimevaa vizuri kuliko siku ya kazi, na Dar es Salaam walijaa Avalon na Azania. Hakuna maandishi ya Kiswahili yaliyopita chini ya picha. Aliyeelewa alimnong'oneza asiyeelewa, na aliyerudi mara ya nne alizijua nyimbo zote pasipo kujua neno moja la kununulia mkate. Awaara ndiyo iliyoshika zaidi. Jina la Raj Kapoor lilitamkwa kama la mtu wa mtaa wa pili, na nahau za nyimbo zile zikaingia kwenye taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga sehemu kubwa ya jina lake kwa kuvalisha mashairi ya Kiswahili juu ya sauti za filamu za Kihindi, na hakuna aliyeona kwamba ameazima.

Wala hadithi ya kijana wa kuja haikuwa ya Bombay pekee. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950, Tanganyika ilipata filamu ya kuchekesha kwa Kiswahili, Muhogo Mchungu, kuhusu mshamba anayeingia Dar es Salaam. Aliyecheza nafasi kuu alikuwa mtumishi kijana wa idara ya maendeleo ya jamii kutoka Songea, Rashidi Mfaume Kawawa. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Bombay haikupata kumpa mshamba wake cheo cha namna hiyo.

Kilichofuata kwa wale wa RK hakikuwa kichekesho. Kapoor na Nargis walirudi mjini mara moja zaidi katika Jagte Raho ya 1956, safari hii Calcutta, ambamo mwanakijiji mwenye kiu anaingia kwenye jengo la ghorofa kutafuta maji na kuitiwa mwizi usiku kucha. Mwanamke anayetokea alfajiri na kummiminia maji ni Nargis, na huko ndiko alikoagana na kampuni hiyo. Mwaka 1957 alicheza Mother India, moto ukamzunguka wakati wa kupiga picha, kijana Sunil Dutt akamtoa, na mwaka uliofuata akaolewa naye. Aliingia bungeni mwaka 1980 na kumshambulia mwongozaji Satyajit Ray kwa kupeleka umasikini wa India kwa wazungu, jambo la kushangaza kutoka kwa mwanamke aliyepata umaarufu duniani akiwa chini ya mwavuli mmoja na mtu asiye na pesa ya chai. Alifariki Mei 1981. Shailendra alizamisha kila alichonacho katika kutayarisha Teesri Kasam, rafiki yake Kapoor akiwa ndiye mwigizaji mkuu. Filamu ikasifiwa baadaye, siyo wakati wa kulipa madeni. Alikufa Desemba 14, 1966, siku ya kuzaliwa ya Kapoor. Mukesh, mwimbaji aliyekuwa sauti ya Raj kwenye skrini, alifia Detroit mwaka 1976 akiwa ziarani. Kapoor mwenyewe alianguka Delhi mwaka 1988 kwenye sherehe ya kukabidhiwa tuzo ya Dadasaheb Phalke, na safari hii hakuwa anaigiza. Alifariki Juni 2.

Studio ya Chembur iliendelea kwa muda, ikikodishwa zaidi kwa vipindi vya televisheni. Septemba 16, 2017 moto ulianzia kwenye ukumbi mmojawapo, na mavazi ya filamu za zamani yakateketea pamoja na mengine mengi. Watoto wa Kapoor, wakiwemo wale wa kwenye makoti ya mvua, walikaa wakapiga hesabu wakaona kujenga upya hakulipi. Mwaka 2018 wakatangaza kuuza. Mei mwaka uliofuata kiwanja hicho, ekari mbili na kidogo, kilichukuliwa na kampuni ya ujenzi wa majumba, ambayo ilitangaza kwamba mahali pale itajenga nyumba za kifahari za kuuza. Hazikuwa za rupia 100.